Nilihamisha Kigingi, Sasa Kibaraza Changu Hakina Mtu

Mshauri wangu mpendwa,

Pokea salamu za mama usiyemjua, na kama una nafasi nijibu kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu wachimbaji wanaingia mtaani kwetu na mimi nimefanya jambo ambalo hata kwenye sala nashindwa kulitaja, naanza vizuri, namshukuru Mungu kwa pumzi na kwa watoto, nikifika hapo ulimi unakuwa mzito, basi nasema amina haraka haraka kama mtu anayefunga mlango.

Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, nafanya usafi kwenye zahanati. Mtaa wetu una mpango wa uboreshaji, tumekaa sisi wakazi na watu wa baraza la mji tangu mwaka jana, tumechora ramani ya vichochoro vyote, na mimi niko kwenye kamati, ndiye ninayefungua vikao kwa sala. Kila nyumba ilipewa fomu yenye mstari ulioandikwa "Mahitaji ya mkazi", wenzangu wakajaza mpaka nyuma ya karatasi, taa, mfereji, njia ya kupitisha mgonjwa, mimi nikaandika "Sina", niliona aibu mtu wa kamati kujiombea.

Sasa nikueleze kibaraza. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, uashi hakuujua, lakini kibaraza cha mbele ya nyumba alikijenga mwenyewe na kikatoka kimeinama upande mmoja, ukikaa unateleza taratibu mpaka umgonge mwenzako, na watu wanacheka, "Mama, kibaraza chako kinatutafutia undugu!" Tangu afariki, na watoto wakaoa na kuolewa mbali, hapo ndipo ninapopata watu. Narudi kutoka kazini saa tisa, nakaa, anapita mmoja, hujambo mama, anakaa, anateleza. Zaidi ya wote ni fundi viatu wa ng'ambo ya njia, tunamwita Fundi Soli, alikuwa rafiki wa mume wangu, anakuja na kiatu chake mkononi anashona hapo hapo. Siku nyingine hatusemi kitu, nasikia tu uzi unavyopita kwenye ngozi, na hiyo inanitosha.

Mpimaji wa baraza alipokuja kupigilia vigingi vya mfereji, vile vya rangi nyekundu, cha kumi na nne kikaangukia mbele ya kibaraza changu, maana yake kinavunjwa. Fundi Soli akasema kwa sauti, "Shemeji, leo baraza limekuja kukimeza kibaraza!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni.

Siku mbili baadaye mvua ilinyesha saa kumi jioni, watu wote wamejifungia, nikachukua mwavuli na mchi wa kinu nikatoka. Niliking'oa kile kigingi nikakipigilia upande wa pili, hatua sita tu mshauri, nilizihesabu. Nilisema moyoni upande ule pana nafasi. Hapana nafasi, pana banda la Fundi Soli.

Mpimaji alishahamia mtaa mwingine, na wachimbaji wanafuata vigingi. Jumatano afisa wa mpango, dada mpole tu, akapita na orodha yake, akasema, "Kumi na nne iko hapa, fundi, banda litaondoka." Fundi akanigeukia. "Shemeji, wewe uliuona mchoro. Ndivyo ulivyo?"

Nikasema, "Ndivyo."

Akasema, "Haya. Kama ni kwa ajili ya mtaa."

Sasa anabomoa banda lake mwenyewe, anang'oa msumari mmoja mmoja na kuunyoosha kwa nyundo, na majirani wanaotoka kazini wanapitiliza kwenda kumsaidia. Kibaraza changu kipo, hakina hata ufa. Nakaa peke yangu, nateleza mpaka mwisho, na hakuna wa kunizuia.

Naomba uniambie, nikirudishe kigingi kimya kimya kama nilivyokitoa, au niseme? Nikisema nitatolewa kwenye kamati, na sijui nani atanisalimia tena.

Ni mimi, Mama wa Kibaraza.

*

Dada yangu, pole. Naitanguliza pole kwa sababu baada ya hapa nakugombeza.

Mchi urudishe kwenye kinu. Kigingi unaweza kukirudisha kwa mchi, lile neno "ndivyo" huwezi. Mwenzako alikuuliza machoni kwa sababu anakuamini, akaanza kubomoa kwa sababu ya jibu lako. Na usijifariji kwamba ni hatua sita tu. Mpimaji alifuata mteremko, si sura ya mtu. Mfereji ukipindishwa hapo, mvua ya kwanza inaingia kwenye nyumba za upande wa fundi, na maji hayatauliza nani anafungua kikao kwa sala.

Leo, ukimaliza kusoma, vuka njia. Nenda mchana, nyundo ikiwa bado mkononi mwake, umwambie, "Shemeji, kigingi nilikihamisha mimi, na nilikudanganya." Usianze na ujane wako, na usimtangulize Mungu mbele yako kama ngao. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Kisha shika misumari umsaidie kurudisha alichobomoa. Kesho asubuhi nenda ofisini kwa huyo afisa, mwombe amrudishe mpimaji kabla ya Jumatatu, na kamati uiambie wewe mwenyewe kabla haijasikia kwa wengine. Wakikutoa, toka. Wakikubakiza, mwachie mwingine afungue kikao kwa sala, wewe kaa nyuma uitikie amina. Nadhani hiyo itatoka bila haraka.

Kibaraza kitavunjwa. Lia, ni kazi ya mikono ya mumeo. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu na kilichoniuma zaidi ni ile "Sina". Mtaa mzima umekaa chini na baraza la mji kuuliza kila mtu anahitaji nini, na wewe, mwenye shida kuliko wote waliojaza mpaka nyuma ya karatasi, ukaandika huna. Halafu ulichokihitaji ukaenda kukichukua kwa mchi, kwenye mvua. Kuna mifereji inayofunikwa kwa zege, na juu yake watu wanakaa. Omba ufunikwe hivyo mbele ya nyumba yako. Wanaweza kukataa, omba tu. Na jioni hiyo hiyo toa mkeka nje, ukae. Fundi hakuwa anakuja kwa ajili ya saruji iliyopinda. Atakawia kurudi, usimharakishe.

Ukiwa ofisini, omba na fomu mpya. Ukifika kwenye ule mstari wa mahitaji ya mkazi, andika: "Watu wa kukaa nami." Halafu weka jina lako.