Nusu ya Kamba

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Mafundo tena. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uani kwa zimamoto, kabla jua halijawa kali. Watu sita, kamba moja ya nailoni, mita sitini. Mji mzima hauna nyingine ya kumfuata mtu majini. Kila mmoja anafunga fundo la kiunoni akiwa amefumba macho. Lotika, mwogeleaji wetu, hakukosea hata mara moja. Mwinyi alifunga kitu ambacho mbuzi angekifungua. Nilimrudisha mara nne. Ananichukia. Sawa, mradi amejifunza.

Jumanne, 7 Novemba

Hakuna mazoezi. Barua ya kamati ya sherehe: hadi tarehe 24, kila asubuhi kikosi kitakuwa uwanjani kujifunza ngoma za Chama, pamoja na walimu na watu wa posta. Tulicheza. Mimi, mwenye miaka arobaini na saba na goti bovu, nilizungusha kiuno mbele ya walimu wa kike. Mwinyi anacheza vizuri sana. Alinirudisha mara mbili.

Alhamisi, 9 Novemba

Maji yamepanda. Jioni nilikwenda maporomokoni kuangalia. Kutoka jiwe letu la mazoezi hadi mti wa mwisho kati ya ile ambayo Wagenia, wavuvi wa hapa, wameisimamisha majini kutundikia migono yao ya samaki, ni mita arobaini. Nilipima mwenyewe wakati wa kiangazi. Maji yakiwa hivi mtumbwi hausogei pale. Ni kamba tu.

Nimeomba saa moja ya mazoezi kwa wiki. Sijajibiwa.

Jumamosi, 11 Novemba

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Tulifyeka majani ya barabarani hadi saa nne. Kisha katibu wa kamati akaja stoo na mafundi wawili. Wanajenga tao la matawi ya michikichi, wageni wapite chini yake. Wanataka kamba. Nilisema hapana.

"Alors, citoyen, hiyo hapana unaambia miye ao unaambia Parti?"

Parti ndiyo Chama, na Chama hakiambiwi hapana. Nina mke na watoto watano. Nikasema: chukueni nusu. Niliikata mwenyewe, kwa kisu changu, katikati kabisa, nikachoma ncha zisifumuke. Thelathini kwao, thelathini kwetu. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani nimemshinda.

Jumatatu, 13 Novemba

Tao limesimama, kwenye njia ya sokoni. Kamba wameipaka rangi ya kijani. Kamba iliyopakwa rangi ni ya kutupa, maana huoni tena palipolika. Nimekasirika siku nzima. Nimecheza ngoma nimekasirika.

Alhamisi, 16 Novemba

Naandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi mtu alikuja mbio uwanjani, sisi tunacheza. Mti wa mwisho umevunjika maporomokoni. Mvuvi aliyekuwa juu yake, Atibu, amekumbatia kisiki. Tulichukua kamba, tukafika na lori. Alikuwa bado ameshika.

Lotika alijifunga, akaingia kutoka jiwe letu. Tulimwachia kamba polepole. Kamba ikaisha. Zilikuwa zimebaki mita kumi. Alinyoosha mkono. Alijua haufiki, lakini aliunyoosha. Kisha akageuka.

"Chef, ongeza! Ongeza kamba!"

Sikuwa na cha kuongeza.

Papa Bolongo, kaka yake Atibu, alipanda miti ya karibu na kukata kekele, zile kamba za porini wanazofungia miti yao. Wavuvi walizisokota haraka, wakaanza kuziunga na mwisho wa kamba yetu. Sijaona watu wakifanya kazi kwa haraka namna ile. Walikuwa wanakaza fundo Atibu alipoachia. Hakupiga kelele. Mikono ilichoka, basi.

Lotika tulimvuta.

Jumamosi, 18 Novemba

Mwili ulipatikana jana, chini zaidi. Ripoti imeandikwa na wakubwa: maji mengi kupita kiasi. Nilitia sahihi. Maji yalikuwa mengi, huo si uongo. Ndiyo maana sahihi ilikuwa rahisi.

Jumapili, 19 Novemba

Tulikwenda matanga, wote sita. Walitupa viti vya mbele. Papa Bolongo alisimama mbele ya watu wake, akatushukuru.

"Mulifanya yote, chef. Kamba tu njo ilikuwa mufupi."

Nilimwambia asante. Asante! Nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Ijumaa, 24 Novemba

Sherehe. Tulipita chini ya tao tukicheza. Lotika alikataa kuja, nikaandika kwamba ana homa.

Jumapili, 26 Novemba

Nilikwenda maporomokoni asubuhi, peke yangu. Papa Bolongo alikuwa amekaa juu ya jiwe, anasokota kekele za kufungia mti mpya. Nilimwambia bila kuzunguka: kamba ilikuwa mita sitini. Mimi niliikata. Nusu iko kwenye tao.

Aliacha kusokota.

"Njo ile ya kijani?"

Ndiyo. Anapita chini yake kila siku akienda kuuza samaki.

Akauliza ni mita ngapi kutoka jiwe letu hadi mti ule. Arobaini, nikasema. Akanipa ncha ya kekele.

"Shika apa. Vuta."

Nilivuta. Yeye alisokota. Tulifanya hivyo hadi alasiri. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Ilipopita mita hamsini aliikunja, akaniwekea begani, akarudi kwenye kazi yake.

Ni nzito. Imenichubua shingo. Nimeiweka stoo, nyuma ya magunia, na sijaiandika kwenye daftari la vifaa.