Vifungo Tu

Shikamoo Baba,

Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea nawe bila shikamoo.

Tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu imebaki kule na mikorosho yake. Sasa tuko kandokando ya barabara ya Newala, mlango kwa mlango na wenzetu. Vita ya ng'ambo ya Ruvuma haijaisha, na mgambo wanataka sare, kwa hiyo kazi ni tele. Cherehani yako ukoo umempa Kaka Lukasi, mtoto wa shangazi. Hajui hata kuipitishia uzi. Anakaa barazani na futi shingoni, anapima watu, anapokea sifa. Mimi nashona chumba cha ndani, dirisha limefungwa, jasho linadondokea kaki ya watu. Shangazi anasema msichana kukanyaga cherehani mbele ya wanaume, magoti yakipanda na kushuka, ni aibu ya ukoo mzima.

Macho yako yalipofifia, ulinikalisha kwenye kiti chako ukanifundisha kuupapasa mshono kwa kidole kabla ya kuutazama. Watu wakasifu suruali nilizoshona, ukaitikia ahsante. Siku moja mteja akauliza nafanya nini humo ndani. Ukamjibu, “Huyu ananitilia vifungo tu.” Nilicheka, Baba. Nilidhani ni siri yetu wawili. Hasira ilikuja baadaye, na bado ninayo.

Juzi mwalimu mpya, mama mmoja wa kutoka Moshi, alikataa kupimwa na Lukasi. Akapita moja kwa moja mpaka ndani, akanikuta mguu uko kwenye pedali.

“Kumbe fundi ni wewe,” akasema.

Maneno hayo nimeyangoja miaka. Nikajibu, “Hapana, mwalimu. Mimi natia vifungo tu.”

Hakubishana. Alinyoosha mikono nimpime. Tangu siku hiyo najichukia, kwa sababu hakuna aliyenikataza kusema. Shangazi hata hakuwepo.

Jumamosi mwalimu anarudi kuchukua gauni lake. Nakuahidi nitamtolea mwenyewe, pale barazani, na nitamwambia nimelishona mimi, hata Shangazi akiwa amekaa hapo hapo.

Pumzika, Baba. Siku ya kukuaga, kanisa zima lilimsifu Lukasi kwa shati ulilovaa. Lile nililishona mimi, kuanzia kola mpaka pindo. Lukasi alitia vifungo tu.

Binti yako,
Agnesi