Kisigino Kwenye Kifuniko cha Cheni

Jumapili, 4 Agosti 1957

Juzi Ijumaa, saa tisa na dakika kumi alasiri, nimepoteza kifuniko cha cheni ya pikipiki. Na shubiri tatu za buibui la mama mkwe. Na jina langu pia, maana Msambweni nzima inasema Boga nusura amuue mama wa mkewe.

Ilikuwa hivi. Tunatoka Ramisi, zimebaki maili mbili. Mama mkwe, Bi Biasha, yuko nyuma yangu, ametoka kuzalisha. Nikasikia ta! Kikono cha nyuma kinachoshika kifuniko kimekatika, bati likaning'inia, likaanguka. Cheni ikabaki wazi. Kabla sijafunga breki upindo wa buibui umekwishaingia kwenye meno. Akavutwa, akaanguka mchangani. Alhamdulillahi nilikuwa mwendo wa maili kumi na mbili kwa saa! Ingekuwa thelathini leo tungekuwa na matanga. Goti limechubuka, basi. Lori la miwa lililokuwa nyuma likalikanyaga bati likawa chapati.

Hiki ni cha tatu. Cha kwanza Mei, cha pili Juni. Vyote vimekatika pale pale, kikono cha nyuma. Cha mbele hakijalegea hata siku moja. Na vyote kachomelea fundi Kitsao wa Ramisi.

Kitsao atanieleza.


Jumatatu, 5 Agosti

Nimetoka mizani ya miwa saa sita, moja kwa moja kwa Kitsao. Nikamwambia kazi yake mbovu.

"Bwana Karani," akasema, "mimi nachomelea chuma. Bahati yako siichomelei."

Akanionyesha kipande kilichobaki kwenye fremu. Pale alipochomelea pazima. Chuma kimekatika kando, robo inchi. Kimechoka, anasema, kama waya ukiukunja na kuukunjua. Kuna kitu kinakigandamiza kwa juu. "Unapakia nini?" Sipakii kitu! Abiria tu.

Nimeona kweli. Sikumwambia kuwa nimeona.

Halafu akashusha sauti. Mkewe Jumwa mwezi wake ni huu. Uzazi uliopita mtoto alitanguliza miguu, Bi Biasha ndiye aliyewaokoa wote wawili. Jumwa amesema hataki mkunga mwingine. "Sasa hiyo pikipiki itamfikisha mama, ama haitamfikisha?"

Nikasema itamfikisha. Nimeshatoa neno.


Jumatano, 7 Agosti

Kifuniko kipya. Bati nene zaidi. Washa za kukaa chini ya nati nimekata mwenyewe kwenye mpira wa gurudumu bovu, mbili kila bolti. Kila nati nimeipiga mstari wa rangi nyeupe mpaka kwenye bati. Ikizunguka hata unywele nitajua.

Nikafunga magunia mawili kitini, ratili 180 kwa jumla. Nimeyapima mizani, na Bi Biasha hafiki hapo. Ramisi na kurudi, mara mbili. Maili ishirini na sita. Mistari yote iko sawa!

Basi si uzito. Si barabara.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nakata miwa. Hesabu sikufundishwa na mtu. Huwa nahesabu mpaka jibu litoke, na hili litatoka.


Alhamisi, 8 Agosti

Limetoka. Natamani lisingetoka.

Leo asubuhi nimempeleka Bi Biasha Gazi. Nimeendesha kama nimebeba mayai. Tumerudi salama, akashuka, akasema "Ahsante mwanangu," akaingia ndani. Nikachuchumaa kuangalia. Mstari wa bolti ya nyuma umekatika. Na bati lina bonyeo jipya la mviringo, inchi saba kutoka bolti ya nyuma.

Nikaenda stoo, nikatoa kile cha Mei. Bonyeo, inchi saba. Cha Juni: inchi saba na robo.

Kisigino!

Anakaa upande, kama wanavyokaa wanawake wote, miguu yote miwili kushoto. Cheni iko kushoto. Kati ya mgongo wangu na yeye upo mkoba wake wa vifaa, ndio mpaka wetu. Mama mkwe hamshiki mkwewe kiuno. Basi anaushika mkoba kwa mikono miwili, na barabara ikirusha hujikaza kwa mguu. Mguu hauna pa kukaa ila juu ya kifuniko. Gunia halina kisigino.

Tangu Machi nambeba. Sijapata kutazama miguu yake hata mara moja, na nani angetazama? Vifuniko vitatu vimekwenda kwa haya zangu.


Jumamosi, 10 Agosti

Kwa Kitsao tena, na vifuniko viwili vya zamani kwapani. Nikamwekea kidole kwenye bonyeo: hiki hapa kisigino cha Bi Biasha. Walikuwapo wateja wawili, Randu na mwenzake mmoja, wanangoja jembe. Randu akasema kumbe mama mkunga ana kwato! Wakacheka mpaka kushika mbavu. Nikacheka na mimi. Kidogo.

Kitsao hakucheka.

Lakini kazi imekuwa kazi! Kikanyagio cha chuma, inchi tisa kwa nne, kimefungwa kwenye fremu yenyewe, hakigusi kifuniko hata kidogo. Nafasi kati yao inchi mbili kamili. Na nyuma ya kiti mpini wa kushika. Nimesimama juu ya kikanyagio kwa uzito wangu wote, ratili 151, nikaruka mara kumi. Hakikutikisika. Mguu ukikaa hapo, kifuniko kitadumu kuliko pikipiki.


Jumatatu, 12 Agosti

Maneno ya Randu yamefika kisimani kabla yangu. Kwato, kwato. Mke wangu Mwanasha amerudi na ndoo nusu, macho mekundu.

"Umempima mama yangu mguu kama punda?"

Nikasema nimepima bati, sikupima mguu.

"Basi kalale na bati lako."

Nimelala barazani.


Jumatano, 14 Agosti

Bi Biasha ameitwa hapo maili mbili tu. Nikaitoa pikipiki, nikaiwasha, nikasimama kando. Alitoka na mkoba, akakitazama kikanyagio. Akalikusanya buibui — lile lile, limetiwa kiraka — akanipita, akaenda kwa miguu. Amerudi magharibi goti limevimba.

Mwanasha kaniletea ujumbe. Mamake anasema: "Miezi yote hiyo nikanyage wapi, hewani? Amenipa kiti, hakunipa pa kuweka mguu. Halafu mguu wangu anawaonyesha wanaume."

La kwanza ni kweli. Nimeligeuza kila upande, ni kweli. La pili sijibu. Nilikuwa naeleza fundi! Fundi ataundaje asichoelezwa?

Nikauliza: kwa Jumwa atakwenda na nini? Mwanasha akasema mama ana miguu. Maili sita na nusu, na goti lile.


Ijumaa, 16 Agosti

Saa nane na dakika arobaini. Charo, shemeji yake Kitsao, amefika kwa baiskeli, hoi. Jumwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Kitsao anasema safari hii pia mtoto amekaa vibaya, na sauti ya Jumwa imeanza kupungua. Charo amekunywa maji, amekaa kizingitini, ananitazama.

Kwa pikipiki, dakika ishirini na tano. Kwa miguu hafiki kabla ya saa kumi na mbili, kama goti litakubali.

Nati zote nimekaza. Mistari iko sawa. Grisi tayari.

Nimemtuma Mwanasha ndani: mwambie mama apande, asikanyage kifuniko, akanyage kikanyagio, ashike mpini. Kisigino kikirudi kwenye kifuniko kitakatika tena, na maili kumi na mbili kwa saa leo siwezi kwenda.

Saa tisa kasoro dakika tano. Mwanasha amerudi. Mama amekwishafunga mkoba. Yuko ukumbini, viatu mguuni, hajanyanyuka. Anasema: "Nataka jibu moja, na nalitaka kwa kinywa cha Boga, si kwa mwanangu. Ni yeye aliyeutaja mguu wangu mbele ya wanaume na akacheka nao, ndiyo au siyo? Aje aniambie kabla ya adhana ya alasiri. Baada ya hapo naondoka kwa miguu yangu."

Nani kamwambia nilicheka?

Nikasema vipimo vyangu ni sahihi. Mwanasha akasema hakuna aliyekuuliza vipimo.

Kutoka hapa mpaka ukumbini ni hatua kumi na nne.

Saa tisa na dakika sita. Nimemwambia Mwanasha arudi kwa mama. Na mimi nataka jibu, sitaki inshallah, sitaki tutaona. Kikanyagio au kifuniko? Neno moja, kabla ya adhana hiyo hiyo. Mwanasha amesimama mlangoni, haendi. Anasema safari hii hambebei mtu maneno, niende mwenyewe. Charo amenyanyuka. Saa tisa na dakika tisa. Naweka kalamu.