Waliochimba Kaburi Lako

Kaka Masanja,

Shikamoo. Najua marahaba sitaipata, lakini mkono umezoea kuanza hivyo ninapokuandikia, na leo sitaki kuubadilisha.

Tangu gari lako liteleze kwenye theluji, ukazikwa huko huko Marekani kama ulivyotaka, kazi yangu imekuwa kumweleza Mama ulipolala. Mimi ndiye mwalimu wa jiografia, kwa hiyo ukoo mzima ulinigeukia. Kila Jumamosi natoka Mkuyuni naenda Kisesa, naketi naye mkekani, namfundisha kaunti yako. Kaunti, nilimwambia, ni kama wilaya. Nikamchorea ramani kwenye karatasi ya manila. Akaitazama, akaniuliza ni nani aliyeikata nchi ya watu kama sabuni ya mche, maana mipaka yote minne imenyooka, barabara nazo zimenyooka, na hakuna hata kilima kilichoulizwa mpaka upite wapi.

Akataka kujua ziwa liko upande gani. Nikasema hakuna ziwa, ni ngano na majani mpaka macho yachoke. Hilo lilimuumiza kidogo, wewe uliyeanza kuogelea kabla ya kujua kusoma. Kisha akauliza habari za watu. Hapo nilisita. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia kwamba kaunti nzima haifikishi watu wa siku ya mnada, kwamba vijana wakimaliza shule wanaondoka na hawarudi, na kwamba kutoka nyumba yako hadi ya jirani ni kama kutoka Kisesa hadi Igoma. Nilimwambia yote hayo, nikaongeza haraka kwamba ng'ombe ni wengi kuliko watu, ndiyo maana walimhitaji daktari wa mifugo hata kama anatoka mbali. Mama akachangamka.

"Basi hao ni Wasukuma wenzetu," akasema.

Ungemsikia ungecheka mpaka ukohoe.

Lakini swali lake hasa lilikuwa moja tu: nani alichimba kaburi? Alikuwa bado analala mkekani sebuleni kama siku ya kwanza ya msiba, na alisema harudi kitandani mpaka awajue na shukrani zake ziwafikie.

Unajua kwetu. Hata yule jirani aliyegombana na mtaa mzima, siku alipokufa vijana walikuja na majembe bila kuitwa. Anayechimbiwa na mtu wa kukodi ni yule ambaye hakuwa na watu. Na mimi jibu nilikuwa nalo. Dale, mfugaji jirani yako, alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba kaburi lilichimbwa na mtu mmoja, kwa katapila, kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda. Nikamtazama Mama, nikasema walichimba vijana sita.

Nilidanganya, kaka. Nilidhani nimempa cha kumtuliza. Akataka majina. Nikampa majina sita ya kwenye kitabu cha Kiingereza cha darasa la tano. Wiki iliyofuata nikakuta ameyashika yote, anawaombea kila alfajiri mmoja mmoja, na ameanza kusuka vikapu sita vya kuwapelekea. Jumapili moja alisimama kanisani akawashukuru kwa majina, watu wakaitikia amina, na mimi niko benchi la nyuma natamani ardhi ipasuke.

Kikapu cha tano kilipoisha nikashindwa kuendelea. Nilimwambia ukweli jioni, tukiwa tunamenya viazi vitamu vya kukausha kuwa michembe. Hakunigombeza. Aliweka kisu chini, akajifunika kanga vizuri mabegani.

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa na mtu," akasema.

Sijawahi kujichukia namna ile. Nikampigia Dale. Kwao ilikuwa asubuhi. Nikaweka spika, nikamwomba atusimulie siku ile ilivyokuwa, asipunguze wala asiongeze, nami nikawa namtafsiria Mama. Akasema watu walikuwa wachache, wangeenea kwenye darasa langu moja na madawati yakabaki. Wengine waliendesha saa nzima kwenye theluji. Akaomba radhi kwamba hawakuwa wengi, kwani ulikuwa msimu wa ng'ombe kuzaa, na kila mfugaji alikuwa na ng'ombe wa kuangalia usiku na mchana. Yeye mwenyewe, alisema kama anayetaja hali ya hewa, aliporudi kutoka makaburini alikuta ng'ombe wake amezaa vibaya na ndama amekufa. Ambaye angekuja kumzalisha, akasema, ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Hayo niliyatafsiri polepole. Mama akasogea karibu na simu. Kisha akaniambia nimuulize ndama alikuwa wa rangi gani.

Dale akaniomba nirudie swali. Nafikiri hakuna aliyewahi kumuuliza. Mweusi, akasema, uso mweupe.

"Mwambie pole," Mama akasema. "Mwambie nimesikia. Mtu haachi ng'ombe anayezaa akaenda kumzika asiye wake."

Nilipomaliza kutafsiri nikamsikia Dale akipenga kamasi. Nami nikalia, mara ya kwanza tangu ufe, kiazi kikiwa bado mkononi.

Mkeka umekunjwa sasa, Mama analala kitandani. Kikapu kimoja ni cha Dale, kingine cha mtu wa katapila, ambaye nimeshauliza jina lake, la kweli safari hii. Vijana wa kitabuni amewatoa kwenye sala zake, isipokuwa Peter, ambaye anasema alishamzoea. Na kila alfajiri akishakutaja wewe, anamtaja ndama mweusi wa uso mweupe, kisha anasema amina.

Nimekukumbuka sana, kaka. Nakuahidi sitamdanganya tena Mama juu yako, hata ukweli ukiwa mwembamba. Na kila mwaka ng'ombe wa huko wakianza kuzaa, nitampigia Dale nimuulize ndama wangapi wamefika salama, na wana rangi gani. Mama atakuwa ameketi pembeni yangu, akisubiri nimtafsirie.

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Kabula