Wifi, Wimbo Wako Niliukataa Mimi

Wifi yangu mpendwa,

Jirani yangu wa duka, Bi Zuhura, bado ananiuliza habari zako. Mwanzoni nilimjibu kwamba umesafiri kwenda Masasi kumwona mama yako, na ilikuwa kweli. Sasa umepita mwaka na zaidi, na mimi namjibu vilevile, umesafiri, naye siku hizi anaitikia tu na kurudi kwenye vitambaa vyake. Leo nataka kusema ulivyoondoka hasa. Nalisema mbele za watu, kwa kuwa nilichokufanyia nilikifanya mbele za watu.

Unakumbuka kamati ya nyimbo ilivyoanza. Vijana wa sifa walikuwa wanaokota nyimbo kwenye simu, Jumamosi wanazifanyia mazoezi, Jumapili tunazikuta ukutani zimemulikwa na projekta, nasi tunaimba. Mchungaji akaona si vizuri watu kumwimbia Mungu maneno ambayo hakuna aliyeyasoma kwa utulivu. Akatuchagua watu watatu tuyapime kwa Maandiko kwanza: mimi, Mzee Elia mwalimu mstaafu, na mama mmoja wa kwaya. Wewe hukuwamo, lakini nusu ya kazi yangu uliifanya wewe. Ulikuwa unakuja dukani Kariakoo saa za mchana, mafundi cherehani wakiwa wameshachukua zipu na nyuzi zao, unavuta kigoda, nakusomea. Spika ya muuza nguo wa ng'ambo ya barabara ilikuwa inapiga kelele, ikabidi tusogeze vichwa karibu.

Mimi nilikuwa na daftari. Upande mmoja mstari wa wimbo, upande wa pili aya. Mstari usio na aya naupigia mstari mwekundu. Wewe kipimo chako kilikuwa kingine. Siku moja kijana alileta wimbo unaosema moyo wangu wadunda nikikuona, nikumbatie, usiniache. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukaniambia, "Wifi, hebu mtoe Yesu humo, umweke Hamisi. Kuna kitu kimebadilika?"

Tulicheka mpaka Bi Zuhura akaja kuuliza kulikoni. Tulipomweleza akasema huyo Hamisi ana bahati yake.

Ule mwingine ulidai kwamba Mungu amelazimika kunipa gari kwa sababu nimefunga siku saba. Huo hatukuujadili. Jioni tulikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu ukiuimba kwa sauti ya mnadi wa mitumba, na watu wakageuka kututazama. Nilikuvuta mkono unyamaze, lakini sikutaka unyamaze.

Mimi sikuolewa. Chumba changu cha Magomeni kilikuwa cha kulala tu. Nyumba yangu mlikuwa ninyi wawili, wewe na kaka Festo.

Figo zake ziliposhindwa, kanisa lilituombea vizuri, hilo siwezi kulisahau. Walikuja nyumbani, wakaimba ule wimbo wa kitanda cha ugonjwa nimekihama. Niliupitisha mimi. Ulikuwa na aya zake, tena nyingi. Ulinifuata jikoni ukaniuliza kwa sauti ya chini asiyepona ataimba nini. Nikakujibu kwamba hilo ni suala la wimbo mwingine, na nikabeba trei ya chai kuwapelekea wageni.

Kaka akafa. Tukamzika.

Miezi mitatu baadaye ulikuja dukani na karatasi. Hukuvuta kigoda. Ulisema umeandika kitu, na ungependa kwaya ikiimbe siku ya kuwakumbuka marehemu. Nikaisoma nimesimama, kalamu nyekundu mkononi, nawe umesimama upande wa wateja. Nakumbuka mistari minne tu:

Nimebisha, umekaa kimya.
Nimelia, hukugeuka.
Taa yangu umeizima wewe.
Bwana, uko wapi?

Beti zilikuwa tano, na hakuna hata mmoja uliogeuka kuelekea kwenye faraja. Nilikwambia Mungu hazimi taa. Nilikutajia Isaya, pale anaposema utambi utoao moshi hatauzima. Nikakwambia tena kwamba wimbo wa Kikristo hauwezi kuishia hapo, lazima uwe na ubeti wa ushindi, uongeze ubeti mmoja tu nami nitaupitisha.

Ukanijibu, "Ubeti huo sijaufikia, wifi. Nikiuandika sasa nitakuwa nimemdanganya Mungu kanisani kwake."

Mambo yangeishia hapo ningeweza kusema tulitofautiana tu. Lakini uliuleta kwenye kamati kama mtu yeyote, na mbele ya Mzee Elia na mama wa kwaya nikausoma kwa sauti kavu, mstari kwa mstari, nikiuliza aya iko wapi, aya iko wapi. Wenzangu walinifuata. Ulikunja karatasi yako mara mbili, ukatuaga kwa heshima. Ulikuja ibadani Jumapili tatu, ukikaa viti vya nyuma. Ya nne hukuja, na simu yako haikupatikana tena.

Sasa nikuambie ambalo sikumwambia mtu. Si Isaya aliyenifanya niukatae. Yule aliyekufa alikuwa kaka yangu, na kila mstari wako ulikuwa umesema jambo ambalo mimi nilikuwa nalizuia kooni tangu makaburini. Niliogopa kwamba kwaya ikiuimba nitaanguka katikati ya watu. Nikachukua Biblia nikajikinga nayo, na kwa kuwa ni Biblia, hakuna aliyenishuku.

Baada ya wewe kuondoka nilikuwa nakwenda ibadani, naimba pamoja na wote. Adui kakanyagwa, milima imeng'oka, mimi ni mshindi. Nyimbo zote zilikuwa na alama yangu ya kupita. Jumapili moja nilifungua kinywa na sauti haikutoka. Nilikaa chini. Binti mmoja wa sifa alikuja akanigusa bega kwa upole, akaniambia, "Mama, inua tu mikono, utajisikia vizuri." Nikainua. Hakuna kilichobadilika, ila mikono ilichoka.

Basi nikaanza kusoma Zaburi, si kwa kutafuta aya za nyimbo, bali moja baada ya nyingine, dukani, wateja wakipungua. Nilisoma polepole kwa wiki kadhaa mpaka nikafika ya themanini na nane. Wifi, huyo mtu analia usiku na mchana, na anamwambia Mungu kwamba wewe ndiye uliyeniweka shimoni, wewe ndiye uliyewaondoa rafiki zangu. Neno la mwisho la zaburi nzima ni giza. Nikafunua ukurasa kutafuta sehemu iliyobaki. Nikadhani kurasa zimegandana. Hazikugandana. Inayofuata ni zaburi nyingine kabisa, ya mtu mwingine.

Nilirudi juu kukisoma kichwa chake, kile ambacho huwa tunakiruka. Imeandikwa ni wimbo, na umekabidhiwa mwimbishaji. Maana yake kuna mtu alipeleka maneno hayo kwa mwalimu wa kwaya, akapokelewa.

Nilifunga duka mapema siku ile.

Nilikwenda kwa kamati nikawaambia nilikosea, na kwa nini, nikaomba wimbo wako uimbwe siku ya kuwakumbuka marehemu. Mzee Elia alinisikiliza kwa upole, ila alikuwa na hofu yake: mgeni akija siku hiyo akasikia tunaimba hivyo, atadhani Mungu ametuacha. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi si mgeni. Nina miaka ishirini humu, na ndivyo ninavyojiona." Kisha akasema uimbwe.

Mwalimu wa kwaya akachukua karatasi aandike. Nikamtajia ile mistari minne, nikakwama. Akasema si kitu, nimpe sauti yake kwanza, jinsi unavyoimbwa, maneno tutayatafuta. Hapo ndipo nilipoishiwa, wifi. Sikuwa na sauti ya kumpa. Ulisimama dukani kwangu na wimbo wa mume wako, nami sikukwambia uniimbie. Niliusoma tu. Nilihukumu wimbo ambao sijawahi kuusikia.

Barua hii nimeiacha kwa mchungaji aisome Jumapili baada ya matangazo. Mimi sitakuwepo. Nimekata tiketi ya basi la Masasi, na nakala yako nitaileta mwenyewe. Bi Zuhura ataniangalizia duka. Nimemwambia ukweli wote, naye amenipa doti ya khanga nimpelekee mama yako. Kama hutaki kuniona, mwambie mama anieleze, nitamsalimia, nitampa khanga yake na kugeuza. Sitakulaumu.

Ila ukinikaribisha ndani, sitakuomba urudi Dar, wala sitakuomba wimbo kwa ajili ya kwaya. Nitakuomba uniimbie mimi, pole pole, wote, mpaka pale ulipouachia.

Ni mimi ninayekuja,
Wifi yako, dada wa Festo