Bastola ya Mzee Talal Haijalia Hata Mara Moja

Bi Mwatum wa redio, shikamoo, na kama una chai mkononi iweke chini kwanza, maana mie Vuai wa Shumba Viamboni nimekwama baina ya bastola mbili, na usikimbilie polisi, ni zile za kuanzishia mbio, zinalia tu, hazitoi risasi, mwenye kufa hapa labda mie kwa aibu.

Kazi zangu nauza makava ya simu, nakodisha spika, na pakiwa na mbio za skuli naanzisha mie kwa sababu ya huu mdomo, lakini nikisema moja, nikisema mbili, watoto wa Makangale washafika nusu ya kiwanja, kwa hiyo mwaka huu walimu wakasema basi, skuli zishakuwa nane, itafutwe bastola, na Vuai achague mwenyewe kwa kuwa ndo atakayeishika.

Ya kwanza ni ya Mzee Talal, alikuwa mwalimu wa michezo Mgogoni, aliletewa miaka arobaini nyuma ndani ya sanduku la mbao, mbio zikavunjwa kwa maradhi ya kuharisha, kisha yeye akahamishiwa ofisini, basi haijalia hata siku moja, lakini kila Idi anaitoa anaipaka mafuta ya cherehani, na Bi Mwatum, wallahi chuma kile! Kizito, cheusi, kinang'ara utasema kimetoka kuoga, mpini wa mti umelala mkononi kama umenipima, nikavuta kidogo ikasema ta! Mzee akanipiga kofi la mkono, "We Vuai, hiyo si ya kuchezea, ni ya kazi!" Na fataki zake anazo, zile kofia ndogo za baruti, kumi na mbili ndani ya kopo, zilikuja nayo siku ile ile.

Ya pili ni mpya kabisa, zinatengenezwa mpaka leo, Mwalimu Abdulnasir alinipeleka duka la Unguja nikaishika, nyepesi, mdomo wake rangi ya chungwa, ikilia inatoa moshi mweupe, hata mwenye kushika saa ya mbio anauona kutoka mwisho wa kiwanja, fataki zimejaa kabatini, spea zipo, na yenyewe nzuri, sikufichi.

Sasa kosa langu, mwalimu aliniuliza, nikamwambia "agiza", jioni Mzee Talal akaniuliza, nikamwambia "naichukua yako mzee wangu", naye akanijibu, "Alhamdulillahi Vuai, ikilia siku ile, mie nishamaliza kazi yangu," na keshafua kanzu, keshampigia simu bintiye Rahila aje kutoka Chake, na mbio ni Jumamosi ijayo. Nishike ipi?

Vuai Mdomo, Shumba Viamboni


Vuai, marahaba. Chai nimeimwaga.

Kwanza nikusifu, maana mwenye kukitazama kitu kwa jicho hilo hakosi moyo. Nami nampenda huyo mzee kabla sijamwona: miaka arobaini anakipaka mafuta kitu ambacho hakijampa hata mlio mmoja! Lakini wewe umeandika barua nzima ya kusifia chuma, fataki umezipa mstari mmoja. Bastola ya mbio bila fataki ni nyundo. Hapa Pemba chumvi inaganda ndani ya kopo kwa wiki, hizo za miaka arobaini zitakuwaje? Utasimama mbele ya skuli nane, utavuta, itasema ta, na Mzee Talal amekaa mbele na kanzu yake. Aibu hiyo itakuwa yake, wala haitakuwa yako. Na hata zikilia zote, ni kumi na mbili, hazitengenezwi tena, ukoo wake ushakwisha. Usithubutu kutia fataki za nyingine humo, utajikata kidole.

Shika mpya. Mwambie mwalimu apite kituo cha polisi na karatasi za duka, asije mtu akaona bastola akapiga simu.

Na ulimi wako wa ndiyo-ndiyo uufunge. Kesho baada ya alasiri nenda kwa Mzee Talal, bila spika, bila mzaha. Mwambie, "Mzee wangu, nilikujibu kwa kukuogopa. Chuma chako kizima, fataki zake ndo nazitilia shaka." Atalifungua kopo. Mwache azitazame. Kisha mwambie hivi: "Lakini mbio ya mwanzo nataka uanzishe wewe, kwa hii mpya, na unifundishe."

Kwani huoni, Vuai? Aliyewekwa sandukuni miaka yote hiyo ni yeye. Kungoja mpaka mtoto wa mwisho atulie pale mstarini, hilo huliwezi wewe, watoto wa Makangale ni mashahidi. Yeye kangoja miaka arobaini, atashindwa kungoja sekunde tatu?

Sanduku lije kiwanjani, likae mezani, wazi, watu waione ilivyotunzwa. Rahila akae karibu. Mzee anyanyue mkono. Na wewe simama nyuma yake, ushike kanzu isipeperuke, na kwa mara moja katika maisha yako, usihesabu.