Ngozi Isiyozeeka

Mpenzi wangu wa zamani,

Salamu nyingi kutoka maabara uliyoikimbia. Sisi wazima. Lile kabati la joto tunamokuzia seli limetengenezwa, halipigi tena kelele. Mama bado anakuulizia. Namwambia umefika mbali.

Nasikia unajigamba huko kwamba zile seli za ngozi ulizoondoka nazo, zangu, nilizozitunza kama mboni ya jicho, hazizeeki wala hazichoki kugawanyika. Hongera. Nasikia pia utazionyesha mbele ya wakubwa, na jina langu halimo.

Wakumbuka nilivyokukanya usichovye mrija mmoja kwenye chupa mbili? Ukanijibu, "Wewe nawe! Nani atajua?"

Seli ya ngozi ina adabu. Ikigusana na jirani yake, huacha kugawanyika, na uzee ukifika hutulia. Ya saratani haijui jirani wala uzee. Moja tu kutoka chupa ya pili, ile ya saratani, ilitosha kuingia kwenye chupa ya ngozi yangu na kuwamaliza wenyeji. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Niliziona kwenye hadubini asubuhi ile uliyoniaga, zimepandana kama nguo chafu kapuni. Nilitaka kukwambia. Kisha ukasema unaondoka nazo, na mimi nibaki. Basi nikakufungia chupa vizuri kwa mikono yangu, nikakutakia safari njema.

Barua hii nimeituma kwa njia ya polepole makusudi, ikufike ukishashuka jukwaani.

Ni mimi,
niliyekuwa nakuoshea mirija